Utafiti wa Kichocho: Deni kwa Watoto wa Donge na Usagara

Daktari mtafiti anapoombewa cheo katika chuo kikuu au katika taasisi ya utafiti, jambo linalotangulia kutazamwa ni orodha ya maandishi yake. Huhesabiwa makala alizochapisha, hutazamwa majarida yaliyozikubali, na huulizwa ni mara ngapi wataalamu wengine wamezitaja katika kazi zao. Akiwa na makala mia moja, husifiwa. Akiwa na kumi, huambiwa angoje. Hatuna ugomvi na desturi hiyo kwa jumla, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali. Lakini leo tunataka kuuliza swali moja ambalo si kawaida kuulizwa katika vikao vya kupandishana vyeo: makala hizo zilimrudia nani?

Tunaliuliza swali hili juu ya fani moja, nayo ni ya magonjwa ya kibofu na njia ya mkojo. Na ndani ya fani hiyo tunachagua ugonjwa ambao wakazi wa mwambao, wa visiwani na wa Kanda ya Ziwa wanaujua kwa jina tangu utotoni, yaani kichocho. Tumeuchagua kwa sababu sehemu kubwa ya maarifa ambayo dunia inayo juu ya kichocho cha mkojo ilipatikana katika miili ya watu wa Afrika, na hasa katika miili ya watoto wa shule. Watoto hao walikojoa katika vikombe, mkojo wao ukatazamwa kwa darubini, vibofu vyao vikapigwa picha za eksirei. Yaliyoonekana yakaandikwa na kuchapwa, nayo yakawapa waandishi sifa waliyoistahili. Huo ni upande mmoja wa daftari. Sisi tunataka kusoma na upande wa pili.

Wengi wetu tuliokulia karibu na mabwawa, vijito na majaruba ya mpunga tunakumbuka jinsi wavulana walivyokuwa wakikojoa mkojo mwekundu pasipo kushtuka. Palikuwa na walioamini kuwa damu ile ni dalili ya kubalehe, kwamba mvulana naye anapata hedhi yake. Mzazi akisikia hucheka, na mtoto huendelea kuogelea. Tusiwabeze watu hao. Pale ambapo karibu kila mtoto wa rika moja anakojoa damu, jambo hilo huonekana kuwa la maumbile. Ugonjwa ukienea mno, watu huacha kuuita ugonjwa.

Ukweli wake ni huu. Katika mabwawa na vijito vya maji yasiyo ya chumvi huishi konokono wadogo. Ndani ya konokono hao hukua vijidudu ambavyo baadaye hutoka na kuelea majini, kisha hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayelima mpunga au anayevuka tu kwenda zake. Vikiisha kuingia mwilini hukua kuwa minyoo, dume na jike, nao hukaa wawili wawili katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Baadhi ya mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka pamoja na mkojo, na hapo ndipo damu inapoonekana. Mengine hayatoki. Hukwama katika nyama ya kibofu na kuacha makovu, na miaka ikipita ukuta wa kibofu huwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa juani. Mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo huweza kuziba, figo zikajaa maji. Na kwa baadhi ya watu, wakiisha kuwa watu wazima, kibofu huota saratani. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu hutafuta konokono, na mzunguko huanza upya.

Kila sentensi ya maelezo hayo ilitafutwa na mtu kwa jasho lake, ikaandikwa, ikasomwa na wenzake na ikapimwa. Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el Aini mjini Cairo, kijana wa Kijerumani aitwaye Theodor Bilharz, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akipasua maiti alipomwona mnyoo ndani ya mishipa ya damu. Akamwandikia barua mwalimu wake, Carl Theodor von Siebold, nazo barua hizo zikachapwa. Bilharz alifariki mwaka 1862 akiwa na miaka 37. Orodha ya maandishi yake ni fupi, lakini jina lake lilibaki likiuita ugonjwa huu katika lugha nyingi za dunia. Mwaka 1911, Ferguson, aliyekuwa akifundisha Cairo, alichapisha maelezo ya wagonjwa 40 akihusisha kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1915, Robert Leiper, aliyepelekwa Misri wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaonyesha jinsi konokono wanavyobeba ugonjwa. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 1994 ndipo taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, ilipoiweka minyoo hiyo rasmi katika kundi la mambo yaliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kutoka wagonjwa 40 wa Ferguson hadi uamuzi huo ilipita miaka 83. Elimu ya kweli haina pupa.

Sasa tuje nyumbani. Katika miaka ya 1960 palikuwa na daktari mtafiti, D. M. Forsyth, ambaye maandishi yake juu ya vibofu vya watoto wa Afrika Mashariki yanastahili kukumbukwa. Mwaka 1964, yeye na David Bradley walichapisha katika jarida la Lancet la London makala iliyotangaza kuwa kichocho huleta madhara yasiyorekebishika kwa watoto wa shule. Mwaka 1965 na 1966, pamoja na George Macdonald, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Ross ya London, alitoa makala yenye sehemu mbili juu ya athari za kichocho katika njia ya mkojo ya watoto. Sehemu ya kwanza ilihusu Shule ya Usagara, iliyoko bara. Ya pili ilihusu Shule ya Donge, kisiwani Unguja. Mwaka huo huo wa 1966, Forsyth na Bradley wakachapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani tathmini ya uzito wa ugonjwa huu katika kaskazini-magharibi ya Tanzania. Mwaka 1969 Forsyth akaeleza katika jarida hilo jinsi alivyoifuatilia kwa muda jamii moja ndogo ya Afrika Mashariki.

Makala tano katika miaka sita. Kwa kipimo cha leo, mtu angeweza kusema kuwa si nyingi. Lakini tuangalie zilifanya nini. Kabla yake palikuwa na madaktari waliokiona kichocho kuwa ni usumbufu mdogo: mtoto anakojoa damu kidogo, anakua, yamekwisha. Picha za eksirei za watoto wa Usagara na Donge zilionyesha habari nyingine. Zilionyesha kuwa mtoto anayecheza mpira uwanjani, asiyelalamika chochote, huenda tayari ana mirija iliyovimba na figo zilizoanza kuharibika. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtaalamu mwenye haki kukiita kichocho jambo dogo.

Hapo ndipo tunapoiona faida ya kwanza ya kuchapisha, nayo ni kwamba neno lililochapwa huweza kusahihishwa. Forsyth na Bradley waliandika mwaka 1964 kuwa madhara hayarekebishiki, nao waliandika kwa uaminifu kulingana na dawa na vyombo vya wakati wao. Mwaka 1979 yakachapwa matokeo ya majaribio ya kwanza ya dawa mpya ya vidonge, prazikwanteli, kwa wagonjwa wa kichocho cha mkojo. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi Tanzania, wakitumia mashine ya altrasaundi mahali pa eksirei, wakaonyesha kuwa madhara mengi katika vibofu hupungua baada ya mgonjwa kumeza dawa hiyo. Kwa hiyo lile neno la mwaka 1964 lilirekebishwa, na marekebisho yake yalikuwa habari njema: mtoto akitibiwa mapema, kibofu chake kina nafasi ya kupona. Kama makala ya kwanza isingechapwa, ya pili isingekuwa na kitu cha kujibu.

Faida ya pili ni kufichua makosa, hata yale yaliyofanywa kwa nia njema. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali ya Misri iliwatibu wananchi wake kichocho kwa sindano, katika kampeni kubwa. Nia ilikuwa safi, lakini sindano zilitumika kwa mtu zaidi ya mmoja. Mwaka 2000 watafiti walichapisha katika Lancet ushahidi kuwa sindano hizo ndizo zilizochangia sana kueneza homa ya ini aina ya C katika nchi hiyo. Watu walikwenda kutibiwa kibofu wakarudi na ugonjwa wa ini. Habari hiyo ni chungu, lakini ingalikuwa mbaya zaidi kama ingezikwa. Na ulimwengu wa utafiti wa njia ya mkojo umekwisha kuona hata makosa yasiyo ya nia njema. Mwaka 2007 jarida lilo hilo la Lancet lilichapisha makala kutoka Innsbruck, Austria, iliyosifu tiba ya chembechembe za mwili kwa wanawake wanaovujwa na mkojo. Mwaka 2008 jarida likaifuta makala hiyo, baada ya uchunguzi kuonyesha dosari kubwa katika jinsi utafiti ulivyoendeshwa. Aliyekwisha kuihesabu katika orodha ya sifa ilimbidi aifute.

Kutokana na mifano hiyo ni dhahiri kuwa wingi wa makala peke yake si kipimo. Mwaka 1976, Alvaro Morales na wenzake wa Kingston, nchini Kanada, walichapisha makala fupi yenye wagonjwa tisa tu. Walieleza jinsi walivyoitia ndani ya kibofu chanjo ya kifua kikuu, hii hii ambayo watoto wetu huchanjwa begani, ili kuzuia saratani ya juu juu ya kibofu isirudi. Wagonjwa tisa! Leo hospitali kubwa za dunia zinatumia tiba hiyo. Makala moja yenye wagonjwa tisa iliyopimwa na kuthibitishwa na wengine ni bora kuliko makala hamsini zinazorudia neno moja kwa maneno mengine. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Lakini hata tukisema kuwa makala imepimwa, imesahihishwa na imethibitishwa, bado swali letu la mwanzo halijajibiwa. Mtoto wa Donge au wa Usagara aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1965 leo, kama yu hai, ni mzee aliyepita miaka 70. Huo ndio umri ambao saratani ya kibofu hupiga hodi. Makala zilizoandikwa kutokana na mkojo wake zimehifadhiwa katika maktaba za London na Geneva, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Je, kuna mtu aliyemwandikia yeye kurasa mbili kwa Kiswahili kumwambia kile kilichoonekana katika picha za wenzake, dalili za kuangalia uzeeni, na mahali pa kwenda akiona damu tena? Kama yupo aliyefanya hivyo, alifanya kwa wema wake mwenyewe. Desturi ya utafiti, wakati ule na kwa sehemu kubwa hata sasa, humhesabu mtafiti kuwa amemaliza kazi siku jarida linapotoka mtamboni.

Sisi tunasema kuwa siku hiyo kazi huwa imefika nusu ya njia. Aliyetoa mkojo wake ametoa malighafi ya elimu. Ni kama mkulima aliyetoa pamba yake. Ikifumwa nguo ng'ambo, naye akabaki uchi, hatuwezi kusema biashara hiyo ilikuwa ya haki, hata kama nguo ni nzuri.

Wapo watakaotujibu kuwa mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa mambo ya kitaalamu. Jibu la hoja hiyo liliandikwa Kilosa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa kituo cha Ifakara, Watanzania na wageni, walitaka kujua ni shule zipi za wilaya hiyo zenye kichocho kingi. Njia ya kawaida ilikuwa kupeleka wataalamu na vifaa kila shule, jambo lenye gharama kubwa. Wao wakatumia karatasi ya maswali iliyopitia mikononi mwa walimu. Mwalimu akawauliza watoto, kwa lugha yao, maradhi waliyougua, na kichocho kikiwa miongoni mwayo. Majibu ya watoto yalipolinganishwa na vipimo vya mkojo, yalionekana kuzitambua vema shule zilizoathirika, tena kwa gharama ndogo mno. Matokeo yakachapwa mwaka 1991, na baadaye njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, ikafaa. Yafaa tulitafakari jambo hili. Chombo cha utafiti kilichoheshimiwa na majarida ya dunia kilikuwa ni neno la mtoto wa shule ya msingi. Ikiwa maneno yake yanatosha kuwa ushahidi wa sayansi, basi masikio yake yanatosha kuisikia sayansi hiyo ikimrudia.

Na tukichelewa kurudisha maarifa, hasara si ya heshima tu. Chukua habari ya wanawake. Mayai ya minyoo hii hayaishii katika kibofu. Hukwama pia katika via vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu, kutokwa damu, na hata ugumba. Utafiti uliofanyika kaskazini ya Tanzania na kuchapwa mwaka 2000 ulionyesha jinsi hali hiyo ilivyokuwa ya kawaida katika vijiji vilivyochunguzwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu kidogo cha picha ili kumsaidia mganga kuitambua. Ni miaka mingi sasa tangu jambo hilo liandikwe. Lakini ni wangapi katika vijiji vyetu wanaolijua? Mwanamke mwenye dalili hizo hudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa zinaa. Mume humshuku, mawifi humsengenya, na yeye mwenyewe hukaa kimya kwa aibu, ilhali kosa lake lilikuwa ni kuchota maji na kufua nguo mtoni alipokuwa msichana. Ndoa zinavunjika kwa kukosa kurasa mbili za Kiswahili.

Ipo pia habari ya maji. David Bradley, yule mwenzake Forsyth, hakuishia kwenye darubini. Mwaka 1972, pamoja na Gilbert White na Anne White, alichapisha kitabu juu ya matumizi ya maji ya nyumbani katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyeanza na kibofu cha mtoto alimaliza kwenye bomba la maji, na hiyo ndiyo njia sahihi ya kufikiri. Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini. Haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi bwawani kesho. Huko Unguja na Pemba, juhudi kubwa ya kukitokomeza kichocho ilianza mwaka 2011 na kuendelea kwa miaka kadhaa: wananchi wote waligawiwa dawa mara mbili kwa mwaka, sehemu nyingine konokono wakauawa, na kwingine wananchi wakafundishwa na kushirikishwa kubadili mazoea yao. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa ugonjwa ulipungua sana, ila haukukatika kabisa. Konokono wachache na wagonjwa wachache wanatosha kuuwasha moto upya. Hatua iliyobaki haitavukwa na madaktari peke yao. Itavukwa na mzazi, mwalimu na mwenyekiti wa kijiji wanaojua kwa nini wanaambiwa wasikojoe majini. Na mtu hujua sababu pale tu anapoelezwa.

Kwa hiyo tuna mapendekezo, nayo ni mepesi kutekelezwa.

Kwanza, kila utafiti wa maradhi unaofanywa miongoni mwa wananchi wetu uwe na sharti hili: makala inapochapwa, muhtasari wa Kiswahili fasaha wenye kurasa mbili upelekwe kwenye shule, zahanati na ofisi ya kijiji au shehia ambako utafiti ulifanyika. Muhtasari huo useme walichotafuta, walichokiona, na jambo ambalo mwananchi anapaswa kulifanya.

Pili, kamati za kupandisha vyeo katika vyuo vyetu ziuhesabu muhtasari huo na kuupa alama. Watu huelekea pale penye malipo. Maadamu makala ya Kiingereza inalipa na ukurasa wa Kiswahili haulipi, tusishangae kuona Kiswahili kikiachwa mlangoni.

Tatu, makosa na marekebisho yarudishwe kwa njia ile ile. Ikiwa mwaka huu kijiji kimeambiwa jambo, na miaka mitano baadaye jambo hilo likathibitika kuwa si kweli, kijiji kiambiwe. Mwananchi aliyedanganywa bila kukusudiwa anastahili kusahihishwa kama anavyostahili msomaji wa Lancet.

Nne, magazeti na redio zitimize wajibu wao. Gazeti halipaswi kungoja hadi mgeni mashuhuri afungue jengo ndipo liandike habari za kichocho.

Tunajua watakaopinga. Wapo watakaosema kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kitaalamu. Msomaji wetu ni shahidi: katika maoni haya tumetaja kibofu, figo, mirija, mayai, makovu, chanjo na saratani, na hatudhani kuwa amehitaji mkalimani. Wapo watakaosema kuwa mtafiti hana muda. Aliyepata muda wa kuandika kurasa 20 kwa ajili ya wenzake mia mbili hakosi muda wa kuandika kurasa mbili kwa ajili ya watu elfu kumi waliompa kazi. Na wapo watakaosema kuwa habari kama hizi zitawatia wananchi hofu. Mtu anayekojoa damu tayari ana sababu ya kuogopa. Anachokosa ni kujua kuwa tiba ipo na kwamba akiwahi atapona. Wahenga wetu walitwambia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimwonya mgonjwa, lakini onyo hilo linamhusu pia mtaalamu anayeyafungia maradhi ya watu ndani ya lugha wasiyoisoma.

Isidhaniwe kuwa tunawadharau watafiti. Bilharz alikufa kijana katika nchi ya ugenini. Forsyth na wenzake waliacha starehe za kwao wakaja kutazama mkojo wa watoto ambao serikali za kikoloni hazikuwa zimewajali. Watafiti wetu wenyewe wa leo, wa Ifakara, wa Mwanza, wa Unguja na wa pwani ya Kenya, wanafanya kazi kwa mishahara midogo na barabara mbovu. Orodha za maandishi yao ni fahari yetu sote. Tunachoomba ni kwamba chini ya kila orodha pawe na safu moja zaidi, yenye kuonyesha kuwa makala hii ilirudishwa kwa wenyewe, tarehe fulani, kijiji fulani, kwa lugha yao.

Watoto wa Donge na Usagara walitoa walichokuwa nacho bila kuuliza watalipwa nini. Wengi wao sasa wana wajukuu, na wajukuu hao wanaogelea katika vijito vile vile. Dunia iliwakopa elimu, nayo dunia imefaidika. Hatuhitaji kuunda tume ili kujua la kufanya, maana dawa ya deni ni kulipa.